Siku Alipompisha Baba Uwanjani

Watu wakijua nimekulia Thika huniuliza swali lile lile: kati ya wale wawili, nani alikuwa bora? Zamani waliniuliza waliowaona kwa macho yao, na siku hizi huniuliza hata wajukuu wao. Wanasema mimi ndiye wa kujua, kwa kuwa mmoja alinilea na mwingine nilimfahamu kwa karibu kuliko walivyodhani. Huwa nakasirika kidogo. Kisha hukaa chini nikajibu, kwa sababu kusema kweli napenda kuwataja.

Aliyenilea alikuwa ndugu mdogo wa marehemu baba yangu. Kwetu magharibi ndugu ya baba ni baba, na mimi nilimwita hivyo tangu aliponileta Thika nikiwa na miaka kumi. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kusindika mananasi, na nilipokua nikaajiriwa humo humo upande wa wanawake, kumenya na kukata mpaka vidole vikachubuka. Wiki nzima alinuka grisi. Jumapili alasiri aliivaa fulana yake, akazifunga raba zake zilizotiwa viraka, na watu kutoka laini zote za nyumba za wafanyakazi wakamfuata hadi misheni kumtazama akicheza mpira wa kikapu.

Mchezo wenyewe uliletwa na padre, mtu mrefu ambaye magoti yake yalilia akitembea, na ambaye hakupenda kuona vijana wa kiwandani wakikaa bure Jumapili. Pete za vikapu zilikuwa mikanda ya mapipa yaliyozeeka, na mbao zilitoka kwenye masanduku ya matunda. Uwanja ulikuwa udongo mwekundu. Mpira ulipodunda, vumbi lilikuingia hadi kooni. Sisi wanawake wa magharibi ndio tuliopata dawa yake. Kila Jumamosi tulichanganya samadi ya ng'ombe na majivu, tukapiga magoti na kuusiriba uwanja mzima kwa mikono, kama tunavyosiriba sakafu za nyumba zetu. Ukikauka, unakuwa mgumu na hauna vumbi, na mpira unadunda unavyotakiwa. Mara ya kwanza padre aliziba pua. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akituulizia samadi.

Baba alicheza nyuma. Yeye ndiye aliyeleta mpira na kuwapanga wenzake. Neno gadi, jina la mchezaji wa nafasi ile, hatukulitumia. Miaka ile ya hali ya hatari gadi walikuwa askari wa vijijini wa serikali ya mkoloni, na hakuna aliyetaka kuitwa hivyo. Hakuwa na mbio hata kidogo. Alipanda uwanja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuteka maji, mpira ukidunda kando yake, akizungumza na wenzake kwa nyusi tu. Halafu alimgeuzia mpinzani mgongo, akamsogeza kwa kiuno polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayehamisha kabati. Mpinzani akishajizatiti kusukumana naye, ghafla hakuna wa kusukumana naye. Baba ameshazunguka, na mpira uko kikapuni. Alifanya hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili walijua atafanya hivyo, na hakuna aliyeweza kumzuia. Katika miaka yote niliyomtazama sikuwa nimeona mtu akimpokonya mpira mkononi.

Jambo ambalo mashabiki hawakulijua ni kwamba alirudi nyumbani amenuna. Alivua raba, akakaa kizingitini, akasema, "Leo tena sikucheza. Nilitembea tu." Mama, yaani mke wake, alimcheka. "Wewe unashinda na bado unalia? Ukishindwa si utakufa?" Mtu mwenye sifa zote zile, na alikuwa na njaa ya mpinzani.

Ndipo zikaanza kuja habari za Ruiru. Katika shamba moja la kahawa huko kulikuwa na karani wa mizani, Mkikuyu wa miaka kama ishirini na mitatu, na watu walisema mpira ukiwa mkononi mwake huuoni. Kiwandani hatukuwa na mazungumzo mengine. Tukimenya mananasi tuliwapima wale wawili mpaka msimamizi akatufokea.

"Hiyo ya Ruiru iko na mbio," mmoja alisema.

"Hata swara ako na mbio, na bado analiwa," nikamjibu.

"Ngai! Wewe hujamuona. Nenda umuone kwanza."

Nikaenda. Ilikuwa sikukuu ya kanisa lao, na lori la misheni likatupeleka Ruiru wanawake wengi tukiimba njia nzima. Nilikwenda nikiwa nimeshaamua kwamba hafai. Alikuwa mfupi, masikio makubwa, miguu myembamba, nikajisemea huyu ndiye? Kisha mchezo ukaanza. Mpira aliudundisha chini kabisa, karibu na vifundo vya miguu, na hakuutazama hata mara moja. Alipita kati ya watu wawili mahali ambapo mimi nisingepitisha ungo. Akikosa, alicheka na kurudi mbio kukaba, na kukaba kwake ndiko kulikonimaliza: aliinama, akatandaza mikono, akamwandama mtu uwanja mzima bila kuchoka, mpaka yule mtu akautoa mpira mwenyewe ili apumzike. Nilijikuta nimesimama, napiga makofi. Nikakaa haraka na kuona haya, kana kwamba nimemsaliti baba mbele ya watu.

Mchezo ulipokwisha alinijia. "Wewe ni msichana wa nyumba ya yule mzee wa Thika?"

Nikasema ndiyo, nikajiweka sawa nikisubiri maneno matamu.

"Akitaka kurusha, anavuta pumzi kwanza ama anaishikilia?"

Nikamwambia aende akamuulize mwenye pumzi. Lakini Jumamosi iliyofuata nilipotoka kiwandani nilimkuta langoni, karatasi yake ya ruhusa imekunjwa mfukoni. Mkikuyu wa Ruiru hakuja Thika siku zile bila karatasi, na kuipata ilikuwa kazi ya kusimama foleni asubuhi nzima. Aliniuliza tena habari za baba: anakula nini, anainuka saa ngapi, goti lipi linamuuma. Jumamosi ya pili vile vile. Jumamosi ya tatu hakumtaja baba kabisa, na mimi nikajua mambo yamebadilika.

Nyumbani sikusema neno. Baba alikuwa ameshatangaza kwamba nitaolewa magharibi, kwa watu wanaojua mila zetu. "Mtu asiyejua desturi ataniletea aibu mlangoni," alisema, na akisema jambo mara mbili limekwisha. Nilimweleza yule kijana hayo. Akasema, "Desturi ni kitu ya kusoma. Nitasoma." Sikujua atasomea wapi.

Basi timu ya Ruiru ikaalikwa Thika. Mimi sina hakika kama padre alijua anachokifanya. Watu walijaa mapema, kwa sababu mchezo ulilazimika kwisha wageni warudi kabla ya saa ya kafyu. Tulikuwa tumeusiriba uwanja vizuri kuliko siku zote, na mistari ya chokaa iling'aa. Baba asubuhi ile hakunywa hata chai. Nilimwona akizifunga raba, akazifungua, akazifunga tena. Hakuwa na hofu. Alikuwa na furaha na hakujua aifanye nini.

Filimbi ikalia. Baba akaja na mpira kwa mwendo wake ule ule, na kijana akamsubiri, ameinama, mikono imetanda. Baba akageuza mgongo, akarudi hatua moja ili amguse kwa kiuno. Kijana akarudi nyuma. Baba akarudi tena. Kijana akarudi tena, kisha akasogea pembeni, akampisha. Baba akafunga bila kuguswa na mtu.

Tulidhani ni ujanja. Lakini mara ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Kila baba alipokaribia, yule kijana, simba wa Ruiru, aliinamisha macho na kuacha njia wazi. Kwa wachezaji wengine alikuwa moto. Kwa baba alikuwa maji. Watu wa Ruiru wakaanza kupiga kelele. "Umelipwa wewe! Umekula ya Thika!" Mwenzake mmoja akamsukuma kifuani. Naye baba, aliyekuwa akifunga kila alipotaka, uso wake ulikuwa umekuwa mweusi kwa hasira. Niliogopa. Nilimpenda yule kijana, na pale nilimwonea aibu, sitaficha.

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa amesimama kando yangu na wanawake wengine wa kwetu. Nikamwona ameshika kidevu, halafu amegeuza shingo polepole kunitazama mimi.

"Yule hajalipwa," akasema. "Yule anamheshimu mkwe."

Wanawake wote wakanigeukia. Kwetu, mtu hamgusi baba wa mke wake. Hampi mkono, hakai naye kiti kimoja, na wakikutana njiani ni yeye anayepisha. Kila mtoto wa magharibi anajua. Kumbe yule kijana alikuwa amemwendea mzee mmoja wa kwetu, mpogoaji wa kahawa pale shambani Ruiru, na mzee alimfundisha yote hayo sawasawa. Mzee alisahau kumwambia jambo moja tu: kwamba heshima hiyo huanza baada ya wazee kukaa na kukubaliana. Kabla ya hapo ukimpisha mzee wa watu hivyo, umejitangaza mwenyewe kuwa mkwe kabla hujapewa mtu. Na yeye alikuwa amejitangaza mbele ya Thika nzima, mara tisa au kumi.

Wakati wa mapumziko baba alitujia moja kwa moja. "Huyu kijana amenunuliwa na nani?"

"Hajanunuliwa," mama akasema. "Muulize mama yako huyu." Akanionyesha kwa mdomo.

Kwetu baba humwita binti yake mama, kwa upendo. Siku ile neno hilo lilinichoma. Nikasema yote palepale, macho chini: Jumamosi, lango, karatasi. Nilitarajia kofi. Baba alihema tu. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu.

"Nani amempa binti?" akauliza.

"Hakuna, baba."

"Wazee wamekaa?"

"Hawajakaa."

"Basi nenda umwambie hivi. Mimi bado si baba wa mke wake. Hapa mimi ni mpinzani wake. Akinipisha mara moja tena, mlango wangu hataukanyaga maisha yake yote."

Nikavuka ule uwanja mbele ya macho ya watu wote. Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Kijana alikuwa peke yake, wenzake wamemtenga. Nilipomwambia, alishika kichwa. "Sasa mimi si nilifanya vile mzee alisema?" Nikamwambia mzee alikuwa sahihi na yeye amewahi mno. "Kwa hivyo naweza kumgusa?" Nikamwambia, "Usipomgusa, mimi na wewe tumekwisha."

Nusu ile ya pili nitaikumbuka mpaka naingia kaburini. Baba alikuja na mpira, akageuza mgongo, akarudi hatua, na safari hii akagonga kitu kilichokaa. Nilimwona ameshtuka. Akasukuma, kijana akajikunja chini yake, miguu imeshika sakafu yetu ya samadi, hakusogea. Baba akazunguka, na alikozungukia mkono ulikuwa umeshafika. Mpira haukuwepo. Watu hawakupiga kelele mara moja, kwa sababu hawakuamini. Kijana alikuwa ameshafika upande wa pili na kufunga.

Baba akasimama akiitazama mikono yake mitupu. Kisha akaanza kukimbia. Sikujua kwamba baba yangu anaweza kukimbia! Alifanya mambo ambayo hatukuwahi kuyaona, kwa kuwa hakuwahi kuyahitaji: alirusha akiwa amejipinda, alipitisha mpira nyuma ya mgongo wake, alimdanganya kijana kwa jicho akampita upande mwingine. Kijana akamfuata, akampita, akampokonya tena. Mara mbili walianguka pamoja, na mara ya pili kijana alimwangukia juu kwa uzito wake wote. Wanawake wa kwetu wakafunika midomo. Baba alikuwa amelala chali chini yake, anacheka. Uwanjani sikuwahi kumsikia akicheka.

Thika ilishinda kwa kikapu kimoja. Lakini kila mtu alijua vikapu vingapi vya nusu ya kwanza vilikuwa zawadi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujigamba, na ubishi uliozaliwa siku ile ndio huu wanaoniletea mpaka leo. Mkubwa alikuwa na akili nyingi zaidi na mkono usiokosea. Mdogo alikuwa na miguu, na moyo usiojua kuchoka. Kwa nusu moja walikuwa sawa kabisa, na kila mmoja alimfanya mwenzake kuwa mkubwa zaidi. Ninaloweza kuapa ni hilo.

Siku tatu baba hakunisemesha. Siku ya nne, jioni kabla ya chakula, akaniita kizingitini.

"Yule kijana ni mtu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Amekosea, lakini amekosea kwa kuheshimu. Nimekubali." Akakwaruza tope kwenye raba yake kwa kijiti. "Unajua wazee wakishakaa, imekwisha. Sitacheza naye tena. Hata tukiwa timu moja, nitamgonga tu."

"Najua, baba."

"Nataka kukuomba kitu." Mzee kama yule, kuniomba mimi! "Mechi moja. Kamili, mwanzo mpaka mwisho. Halafu wazee waje."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa na hofu zangu. Miezi ile mtu angeweza kunyimwa karatasi bila sababu. Wengine walichukuliwa alfajiri wakaenda kusikojulikana. Kuandaa mechi nyingine kungechukua mwezi mzima, na mwezi ulikuwa mrefu sana kwangu. Nikamjibu kwa mdomo wangu huu, "Baba, ukishindwa si utataka nyingine? Na akishindwa yeye, atataka nyingine. Mimi nitazeekea hapa nikisiriba uwanja wenu."

Akacheka. "Kweli. Basi mwambie aje na wazee wake." Nilikuwa nimeshageuka kukimbia kumwambia mama, kwa hiyo sikuuona uso wake alipomaliza kucheka.

Walikuja wazee watatu kutoka Ruiru, kila mmoja na karatasi yake, na wetu wakawa wanne. Kwa kuwa hawakuwa na lugha moja walizungumza Kiswahili, kibovu pande zote mbili, wakaelewana vizuri ajabu. Mshenga alikuwa yule yule mzee mpogoaji wa kahawa. Kijana alikaa karibu na mlango, macho chini. Baba alikaa ukuta wa mbali. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia na masufuria. Mambo yalikwenda kwa heshima mpaka yakakubaliwa, na tangu dakika ile wale wawili hawakuruhusiwa kusemezana ila kwa kinywa cha mshenga.

Wazee walipoanza kutafuta fimbo zao, baba akakohoa.

"Mshenga."

"Naam."

"Mwambie huyo kijana mkono wake wa kushoto unachelewa. Akitaka kukata upande ule, bega linasema mapema."

Mshenga hakuelewa hata neno moja, lakini aliligeukia lile sikio kubwa la kijana, akarudia yote kwa sauti ya kikao. "Mzee anasema mkono wako ya kushoto inachelewa. Bega inasema mapema."

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie akimkaba mtu mrefu asimtazame machoni. Amtazame kitovu. Macho hudanganya, kitovu hakidanganyi."

"Mwambie nimesikia."

Akaendelea. Namna ya kutua baada ya kuruka, namna ya kupumzika huku unacheza, namna ya kujua mwenzako amechoka kabla hajajua mwenyewe. Kila alichokijua baba alikitoa pale, kwa kinywa cha mtu asiyekijua, huku wazee wa Ruiru wakitazama dirishani kupima jua. Nilichungulia kwenye pazia. Kijana hakuinua macho, lakini juu ya magoti yake mikono yote miwili ilikuwa ikifuata, ikijaribu kila jambo lilipokuwa likisemwa.

Mama akanigeukia na mwiko mkononi, akaniuliza nalia nini siku ya heri yangu. Nikamwambia laiti ningalimpa baba ile mechi aliyoniomba.